Amri Iliyokaa Kwenye Droo
Kwa miezi minane nilikuwa na amri ya Mahakama ya Watoto iliyoniruhusu kukaa na binti yangu wikendi mbili kila mwezi, na kwa miezi hiyo yote nililikuta lango la mama yake limefungwa. Nilidhani polisi wangeitekeleza papo hapo. Afisa wa zamu aliisoma, akanirudishia na kuniambia nirudi kwa hakimu. Wakili wangu alinieleza kwamba kosa la kudharau mahakama huhitaji ushahidi mzito kuliko ule wa kesi za kawaida za madai, kwa hiyo ilinibidi nionyeshe, kwa hati ya kiapo, kwamba mama wa binti yangu aliijua amri hiyo, akaielewa, kisha akaikaidi kwa makusudi. Tarehe nilizoandika daftarini, tena kwa hasira, ndizo zilizonisaidia. Hakimu alimtia hatiani lakini hakumfunga, akikumbusha kwamba Kifungu cha 53 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinatanguliza maslahi ya mtoto. Alimpa siku 14 za kutii na kuagiza makabidhiano yafanyike mbele ya afisa wa watoto. Nakiri kwamba nilitaka afungwe. Jumamosi iliyopita binti yangu alikuja na mkoba wake, akauliza kwanza kama paka bado yupo.