Ninavyotambua mitetea siku ileile wanapoanguliwa

Hapa Katuba, Lubumbashi, ninafuga kuku ndani ya lupango, yaani uwanja wa nyumba, na kilichokuwa kinanimaliza ni majogoo. Unaatamisha mayai, vifaranga wanatoka wazima, unawalisha mahindi na pumba miezi kadhaa, halafu unakuta nusu yao ni madume wanaokula na kupigana tu. Wateja wangu wanataka mitetea. Nikaamua nijue mapema, na leo najua kabla kifaranga hajanywa maji.

Siri iko kwa mama. Nina kuku weusi wenye mistari myeupe, wa damu ya Plymouth Rock, na jogoo mwekundu wa Rhode Island Red. Mistari ile inarithiwa sambamba na jinsia. Kwa kuku, jike ndiye mwenye kromosomu mbili tofauti za jinsia (kromosomu ni nyuzi zinazobeba jeni, yaani vinasaba vya urithi), Z na W. Jogoo ana Z mbili. Jeni ya mistari imekaa kwenye Z. Mama wa mistari ana Z moja tu, na hiyo huwapa watoto wa kiume peke yao. Binti hupata W kwa mama, na Z yake humtoka baba, ambaye hana mistari. Kwa hiyo madume wote huota mistari, na majike hawaoti.

Siku ya kwanza mistari haijatokea, wote ni weusi. Mshike kifaranga kiganjani akishakauka, mwelekeze kwenye mwanga wa mlango, umtazame utosini. Dume ana doa la rangi ya maziwa, kingo zake hazijanyooka. Jike, kichwa chote cheusi. Nawafunga majike uzi mguuni, na kila wiki nalegeza ule uzi maana mguu unanenepa haraka. Wakikua, majike hubaki weusi wakiwa na wekundu kidogo shingoni, na ni watagaji wazuri sana.

Ukigeuza mambo, jogoo halisi wa mistari kwa kuku mweusi, doa halikusaidii kitu: watoto wote watakuwa na mistari. Wala usitegemee doa kwa kizazi kinachofuata. Kijogoo aliyezaliwa hivi ana Z moja yenye mistari na nyingine isiyo nayo, hivyo akipanda dada zake weusi, nusu ya watoto watakuwa na mistari, wa kike kwa wa kiume. Kuku weupe pia nawaweka mbali na mpango huu, kwani weupe unaweza kuficha mistari chini yake.

Mayai ni habari nyingine. Mama mmoja jirani alinibishia kwamba jogoo mwekundu ndiye aliyemletea mayai ya kahawia. Hapana, mama: kuku hutaga rangi yake mwenyewe, awe na jogoo yeyote au asiwe naye. Jogoo anaonekana kwa mabinti zake, maana nusu ya urithi wao wa rangi ya yai ni wake. Nimemvunjia yai mbele yake: nje kahawia, ndani ganda jeupe, kwa sababu rangi hiyo hupakwa mwishoni, ganda likiwa limekaribia kukamilika. Bluu ya kuku wa Araucana wa Chile ni tofauti, inapenya ganda lote, tena inaongozwa na jeni moja. Kahawia inaongozwa na jeni nyingi, ndiyo maana binti wa kuku wa kijiji anayetaga meupe na baba wa ukoo wa kahawia hutaga rangi ya kati, na dada wawili hawafanani sawasawa. Hata kuku huyohuyo, yai lake hufifia kadiri anavyoendelea kutaga.

Basi sasa nikitafuta jogoo kwenye soko la Kenya, mtaa wa hapahapa Lubumbashi, simuulizi muuzaji uzito kwanza. Namwomba anionyeshe mayai ya mama wa huyo jogoo.