Asante tu?

Nimerudi Dar kutoka maonesho ya Ujerumani, tulikokwenda kuuza viungo. Mkataba wa pilipili manga umesainiwa, ndege ya kuondoka Frankfurt ilifutwa kwa theluji tukalala mji wa watu, Hamburg nimeiona kupitia dirisha la treni, bosi kafurahi. Hayo yamepita. Kilichonikaa kichwani ni maneno mawili ya mama wa chekeche, yule anayetuchambulia iliki kwenye godauni la Vingunguti.

Nilimkuta na ungo wake. Shikamoo, marahaba, pole na safari. Halafu:

"Iliki yangu walinusa?"

"Walinusa, mama."

"Wakasemaje?"

"Wakasema asante."

"Asante tu?"

Akarudi kwenye ungo. Hakununa, hakucheka. Mimi ndiye ninayeyabeba maneno yale kwenye daladala, nikioga, nikiwa nimekaa mbele ya kompyuta ninajifanya najaza hesabu za posho. Asante tu.

Iliki ile alichagua yeye, punje kwa punje. Chekeche ya milimita 7, iliyopita chini yake inakwenda soko la ndani. Iliyopasuka nje, iliyopauka nje. Ilikaushwa Amani taratibu, kwenye joto la nyuzi 45 hadi 50, kwa sababu ukiianika juani kijani kinakimbia, na ukizidisha moto yanakimbia mafuta. Ikabaki na unyevu wa asilimia 11. Iliki ya namna hiyo haistahili asante ya mtu anayekunja mfuko huku macho yake yameshahamia banda la pili.

Tatizo ni baridi. Tulifika Nuremberg usiku kwa Biofach, maonesho ya bidhaa za kilimo hai, na aliyetupokea akaona heri begi la sampuli lilale kwenye buti la gari kuliko kulipandisha ngazi za hoteli. Nje nyuzi 8 chini ya sifuri. Asubuhi begi likaingia ukumbini moja kwa moja. Milango inafunguliwa saa tatu, na mnunuzi wa kwanza hakungoja hata tumalize kutandika kitambaa.

Harufu ya iliki iko kwenye mbegu, ganda ni la kuilinda tu. Kinachowahi puani ni sineoli, sehemu ya mafuta yake, ndiyo iliyomo pia kwenye majani ya mkaratusi, na hiyo lazima iruke hewani ndipo pua iipate. Mbegu ikiwa baridi hairuki. Mafuta yamo yote, hayajapungua hata tone, ila mtu akinusa anapata harufu ya karatasi. Halafu ukifungua mfuko baridi kwenye ukumbi wenye joto unaharibu mara mbili: unyevu wa hewani unageuka maji juu ya ganda, kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji, na iliki uliyoikausha kwa siku kadhaa inaanza kunywa maji mbele ya mteja.

Pilipili manga haikudhurika, ndiyo maana mkataba ukapatikana upande huo. Pilipili inauzwa kwa mizani na karatasi. Wanapima uzito wa lita moja, gramu 550 wanatabasamu, 500 wanaanza kupunguza bei. Wanataka cheti cha maabara: aflatoksini, ile sumu ya ukungu, aina ya B1 isizidi mikrogramu 5 kwa kilo, na jumla ya aflatoksini zote isizidi 10. Wakauliza pia vikundi vyetu vya Muheza vina wakulima wangapi, maana kanuni mpya ya kilimo hai ya Ulaya haikubali kikundi kizidi watu 2,000. Hakuna aliyeinusa kwa zaidi ya sekunde moja. Ukiwa na karatasi zako, baridi haikuhusu. Iliki haina karatasi ya kuisemea. Inauzwa na pua, na pua ya mnunuzi hairudi mara ya pili.

Asante tu?

Juzi nilirudi kwake, safari hii na daftari. Nikamweleza habari ya buti la gari. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sasa si ungewapikia?" Nikacheka, yeye hakucheka. Alikuwa na maana yake, na tulipomaliza kuongea nilikuwa na ukurasa mzima, na roho imenitulia kidogo kwa mara ya kwanza tangu nirudi.

Sampuli zifungwe gramu 100 badala ya 250, kwenye foili iliyonyonywa hewa, ili kila mnunuzi afunguliwe mfuko wake. Zilale chumbani, mfuko ukiwa umefungwa, na usifunguliwe mpaka upate joto la chumba katikati kabisa, si juu tu. Saa nne zinatosha kwa mfuko mdogo. Zisiwekwe juu ya bomba la kupashia chumba joto, hapo unafukuza mafuta yenyewe. Njiani kutoka hotelini zikae ndani ya koti, upande wa kifua. Mezani kuwe na kinu kidogo cha shaba na chupa ya maji ya moto: punje zinapasuliwa mteja akiwa amesimama pale pale, gramu 2 ndani ya kikombe cha mililita 200, kifuniko dakika tano, ndipo anainua. Zisipasuliwe mapema, mbegu iliyovuliwa ganda haichelewi kupoteza harufu.

Hayo ya iliki. Ya binadamu anayesafiri kwenye baridi ni mafupi, kwa walioniuliza. Makoti yanunuliwe kwenye mitumba ya Karume mwezi huu huu wa jua, wakati hakuna anayeyagombea. Jaribu zipu mara kadhaa, binya manyoya ya ndani, yakiwa yameshikana mabonge liache. Viatu vizidi saizi moja ili soksi ya pili iingie bila kubana, na soli iwe nene, kwa sababu baridi ya kituo cha treni inapanda kutoka chini. Fulana ya pamba isiguse ngozi: ndani ya treni unatoka jasho, ukishuka jasho lile linakugandisha. Simu ikizimika ghafla na chaji bado ipo, ni betri imepigwa baridi. Itie mfukoni ndani ipate joto kwanza kabla ya kuichomeka. Tiketi chapisha. Treni ya Ujerumani ikitarajiwa kukufikisha ukiwa umechelewa dakika 20 au zaidi, tiketi iliyokufunga kwenye treni moja inafunguka, unapanda nyingine. Na ndege ikifutwa kwa theluji kwenye uwanja wa Ulaya, fidia ya pesa hupati, lakini chakula na hoteli ni haki yako, usiondoke kaunta bila hivyo. Viza ya Schengen ni yuro 90, na bima iwe ya kugharamia matibabu yasiyopungua yuro 30,000. Na sisi wa Mombasa tunaoishi Dar tunaiomba hapa hapa kwa kibali cha ukaazi, hakuna haja ya kukimbilia Nairobi.

Nimemwandikia yule mnunuzi wa kwanza. Sikumweleza habari za buti wala baridi, nani ana muda. Nimemwambia natuma gramu 100 kwa ndege, azilaze mezani kwake usiku mmoja kabla ya kufungua, na nimemwandikia namna ya kikombe. Mama kafunga mfuko mwenyewe. Akaugeuza, akaubonyeza pembe, akaniuliza anwani imeandikwa vizuri.

Jibu bado.

Kuna jambo jingine, nalo halihusiani. Tawi la mwembe wa jirani sasa limelala kabisa juu ya waya wa umeme unaoingia kwangu, na masika haiko mbali. Mwenye nyumba yuko Moshi, hapokei simu. Jirani anasema mwembe una maua, nisubiri.