Insha ya Kesho, Msiba wa Leo

Anayekwepa insha si lazima aende kutafuta kicheko. Ana maneno elfu mbili ya kuandika, kesho kutwa anakusanya, naye anafunga mlango, anafungua filamu ya mtu aliyefiwa na kulia mpaka kola ya shati inalowa. Kwa anayemtazama ni kituko: kakimbia kinachomkera, kaangukia kinachouma zaidi.

Kinachokimbiwa hasa ni nini? Mwaka 2013 watafiti wa saikolojia Fuschia Sirois na Timothy Pychyl waliandika kwamba kuahirisha kazi ni njia ya kutuliza hisia za wakati huo, zaidi ya kuwa kasoro ya kupanga muda. Insha yenyewe huenda hata si ngumu. Kigumu ni ile hofu inayopanda ukurasa mtupu ukifunguka. Huzuni ya filamu haina ubaya huo: msiba ni wa mwenzio, dakika zake zinahesabika, na hakuna atakayekusahihisha. Komedi hapa haifui dafu, kwa sababu unacheka huku tumbo limekaza vilevile.

Basi ukiamua kukwepa, kwepa kwa akili. Kwa kazi hii ningechagua filamu ya Kifaransa Trois couleurs : Bleu (Rangi Tatu: Buluu) ya mwongozaji Krzysztof Kieślowski, ya mwaka 1993, yenye urefu wa karibu dakika 100. Julie, anayeigizwa na Juliette Binoche, anapoteza mume na binti katika ajali ya gari. (Kama umefiwa karibuni, hasa kwa ajali, iache. Ajali inakuja mapema mno.) Mume alikuwa mtunzi wa muziki na ameacha kazi haijaisha. Hapo tu aliyekimbia insha angepaswa kushtuka.

Kaa macho kwenye mkahawa. Mwanaume anayempenda Julie amemfuata, anajieleza. Kamera inamwacha, inasogea mpaka skrini nzima ni kipande cha sukari kilichogusishwa kwenye kahawa. Weusi unapanda kwenye weupe, kipande kinajaa, kinaachiwa. Ni kama sekunde 5. Kieślowski alimtuma msaidizi wake ajaribishe aina mbalimbali za sukari, maana zilizonywa kahawa polepole zingemchosha mtazamaji. Sekunde hizo zinasema kila kitu: dunia ya mfiwa imepungua hadi kufikia ncha ya vidole vyake. Kuna pia pale mtu anapomuuliza Julie jambo, skrini ikawa nyeusi, muziki ukapiga kama mlango uliosukumwa na upepo, kisha picha ikarudi palepale, jibu bado halijatolewa. Si kwamba kompyuta imekwama. Saa ya ukutani haijasogea, ila ndani ya Julie kimepita kitu kizima.

Kwa sababu hiyo zima taa, ongeza mwanga wa skrini, vaa vipokea sauti, na upime sauti kwa mazungumzo kisha uishushe kidogo, la sivyo muziki huo utakurusha kitini. Simu ikae chumba kingine. Filamu tulivu ina kimya kirefu, na kimya ndicho kinachoita mkono kwenye simu. Ukiinama, umekosa maandishi ya tafsiri na umekosa sukari.

Kabla ya kuianza, toa dakika 5 kwa insha. Andika sentensi ambayo mwisho wake unaujua, ikate katikati, uhifadhi faili, ufunge. Kurudi kumalizia nusu sentensi ni rahisi kuliko kurudi kwenye ukurasa mtupu. Halafu piga hesabu: dakika 100 za filamu, 20 za kutulia, 50 za kazi. Hizo ni karibu saa tatu. Unalala saa tano usiku? Ikishapita saa mbili, usianze.

Kosa linaloharibu zaidi ni kuiacha insha wazi pembeni ukijidanganya kwamba utaandika huku unatazama. Hutaandika, na hutalia. La pili ni kuikata filamu vipandevipande kwa kujilaumu. Majonzi ya aina hii yanajikusanya taratibu, ukisimamisha kila nusu saa unabaki na hatia peke yake. Na zima mapema ule mpangilio wa filamu inayofuata kujianzisha yenyewe. Ile ya kwanza haikuli usiku. Inayokula usiku ni ya pili, inayoanza ukiwa bado unafuta machozi.

Majina ya mwisho yakiisha, washa taa. Nawa uso kwa maji baridi, kunywa maji, tembea dakika kumi, usitafute mtandaoni maana ya mwisho wa filamu. Huko kuna saa nyingine nzima inakusubiri. Kichwa kilichotoka kulia ni kizito, si kijinga, kwa hiyo usikipe hoja mpya. Malizia ile nusu sentensi. Panga marejeo, weka namba za kurasa, sahihisha vichwa vya majedwali.

Bado umekwama? Mwige Julie. Karatasi za muziki wa mumewe alizitupa kwenye lori la taka, lakini nakala ilibaki, na mtu mwingine akaanza kuimalizia kazi. Alipokubali hatimaye kuigusa hakuanza kwa kutunga. Alianza kwa kupunguza: ngoma zitoke, tarumbeta zitoke. Chukua aya yako ya kwanza, ile yenye "tangu zamani za kale", ukaifute yote, kisha usome ya pili kama ndiyo mwanzo.