Kamera Ilipotoka Jasho

Tulifika kwenye kibanda cha wapandaji giza likiingia. Kipimajoto kilichotundikwa mlangoni kilionyesha nyuzi 10 chini ya sifuri. Ndani jiko la kuni lilikuwa linanguruma, sufuria zinachemka, soksi na makoti yaliyolowa yametandazwa kila mahali. Niliingia na kamera ikining'inia shingoni, vilevile nilivyotembea nayo kutwa.

Lenzi ikawa nyeupe pe. Nikaifuta kwa kitambaa, ukungu ukarudi. Nikafuta tena, ukarudi tena. Kisha nikafanya kosa kubwa zaidi: nikaichomoa lenzi nitazame kama upande wa nyuma nako kumeingia ukungu. Kumbe ndiyo kwanza nakaribisha hewa ya kile chumba hadi kwenye sensa, kile kibamba cha ndani kinachonasa picha.

Saa 11 alfajiri nilipotoka nje, unyevu uliokuwa umebaki katikati ya vioo uliganda. Jua lilichomoza juu ya mawingu yaliyotanda chini yetu kama bahari, jua nililopanda mlima siku tatu kulifuata, na sikupata hata picha moja inayofaa. Iliniuma sana.

Siku zote nilidhani adui ni theluji. Siyo. Hewa ya baridi kali hubeba mvuke kidogo mno. Ya sifuri, kwa kila mita moja ya ujazo, haifikishi hata gramu 5, ilhali ya nyuzi 20 inaweza kubeba kama gramu 17. Hewa hiyo ya joto ikigusa chuma au kioo cha baridi hupoa papo hapo, na mvuke isioweza kuubeba tena hugeuka maji palepale. Chumba cha nyuzi 20 chenye unyevu wa asilimia 50 tu kinatosha kulowesha kitu chochote chenye nyuzi 9 au pungufu. Chetu, kwa zile sufuria na soksi, kilikuwa kibaya kuliko hapo.

Usiku uliofuata, kwenye kibanda cha juu zaidi, sikuingia upesi. Nilisimama nje, vidole vinauma kwa baridi, nikatoa betri na kadi ili niweze kuangalia picha bila kuigusa kamera tena. Kamera nikaitia kwenye mfuko wa plastiki wa zipu, nikakamua hewa, nikafunga. Yote haya nje ya mlango, kwa sababu mfuko ukifungiwa ndani unakuwa umefungia mvuke uleule unaoukimbia. Tulipoingia, plastiki ikatoka jasho kwa nje, matone yakateremka. Kamera ndani yake kavu kabisa. Nikaiweka ndani ya begi, begi nikalifunga, nikaliacha mbali na jiko. Kuisogeza karibu na moto ili ipate joto haraka ni kuitafutia madhara mengine. Baada ya saa mbili mwili wa kamera ulikuwa umepoteza baridi yake. Lenzi ndefu, yenye vioo vingi na vizito, ilitaka saa moja zaidi. Nilikuwa nikiipapasa juu ya plastiki mpaka nisihisi ubaridi.

Kutoka nje asubuhi hakukuwa na shida hiyo. Betri zililala mfuko wa ndani wa koti, maana baridi huzidhoofisha, na nilipochungulia nilijifunza kupumua pembeni, kwa kuwa pumzi huganda kwenye kile kitundu cha kutazamia.

Tulipoteremka hadi pwani mambo yaligeuka. Huko joto liko nje na baridi iko chumbani, kwenye kiyoyozi. Sasa kamera hupata ukungu wakati wa kutoka, hata kama imetengenezwa kuhimili mvua, kwani lenzi ya kuvuta huvuta na hewa kila ukiirefusha. Nikaifunga mfukoni usiku pamoja na vifuko vya silika, vya kunyonya unyevu mdogo uliobaki, kwa sababu kuvu hupenda lenzi iliyofichwa gizani na majimaji. Kabla ya mapambazuko nikautoa mfuko kibarazani, nikakaa kando yake. Plastiki ikalowa, kisha polepole ikaanza kukauka. Anga lilipoanza kuwa jekundu, nikafungua zipu. Kioo kilikuwa safi.