Kangaga la Bibi

Agosti 2017 niliteremka milima ya Lushoto nikiwa nimepakata kopo la maziwa ya unga lenye kangaga. Bibi alilichimbua mwenyewe alfajiri ile, kwenye jiwe la chemchemi nyuma ya nyumba yake, pamoja na udongo mweusi wa majani yaliyooza. Lilikuwa lile kangaga la majani madogo madogo yenye umbo la kipepeo cha kupepea moto. Vikonyo vyake ni vyeusi, vyembamba, vinang'aa kama nywele zilizopakwa mafuta. Tone la maji likiangukia jani haliloweshi. Linaviringika na kudondoka.

Mombo lilikuwa bado zima. Chalinze likaanza kulegea.

Dodoma nikaliweka dirishani sebuleni, mahali pa heshima. Anayeujua upepo wa Dodoma wa mwezi wa nane, ule unaopasua midomo, ameshaelewa kilichofuata. Siku ya nne ncha zikageuka kahawia. Nikadhani ni kiu, nikamwagia maji. Likazidi kukauka, nami nikazidi kumwagia, hadi udongo ukawa tope linalonuka, na ukingoni mwa kopo pakaota ukoko mweupe, maana maji ya bomba pale kwetu yalikuwa na chumvi. Baada ya siku kumi jani ukiligusa tu linapukutika.

Nikampigia Bibi. Aliitikia shikamoo yangu, kisha akauliza hali ya kangaga kabla hata ya kuuliza yangu. Nilikuwa karibu kudanganya. Nikamweleza yote.

"Umeliweka wapi?"

"Dirishani, Bibi."

Akanyamaza kidogo. "Pale jiweni uliwahi kuona jua likilipiga? Au upepo? Mizizi haikulala kwenye maji, mjukuu wangu. Hewa ndiyo iliyokuwa mbichi. Sasa chukua mkasi, ukate yote mpaka chini."

"Yote?"

"Yote. Uhai wake uko kwenye kishina, humo udongoni."

Nilikaa na mkasi mkononi muda mrefu. Yale yalikuwa majani aliyoyashika Bibi. Nilipomaliza, vilibaki visiki vyeusi vifupi kama njiti za kiberiti zilizoungua. Nikamwaga lile tope, nikatoboa kopo chini kwa msumari (sikuwa nimeliwekea tundu hata moja!), nikaweka udongo mwepesi uliochanganywa na mboji. Nikalihamishia bafuni, penye kidirisha cha kioo chenye ukungu, juu ya sinia la kokoto na maji kidogo, kopo lisiguse maji yenyewe. Nikawa nalinywesha maji ya kunywa, kikombe kidogo, udongo unapoanza tu kukauka juu.

Wiki mbili hapakuwa na kitu. Wiki ya tatu, usiku, nikipiga mswaki, nikaona kati ya visiki kitu kilichojikunja kama ngumi ya mtoto mchanga, chenye wekundu kwa mbali na vinywele laini.

Nikampigia Bibi usiku uleule, nikamwamsha.

"Usiliguse," akasema.