Sekentei na jina la Mirembe

Wajapani wana neno ambalo tangu nilifahamu nalikumbuka kila ninapopita mitaa yetu ya Dodoma: sekentei, yaani sura ambayo mtu au familia hujitahidi kuionyesha mbele ya jamii. Inoue Tadashi, aliyeandika kitabu kizima kuhusu jambo hili mwaka 1977, alieleza kwamba jamii hiyo ni ya watu wa katikati, ambao si ndugu wa karibu wanaozijua aibu zetu tayari, wala si wageni kabisa, maana Wajapani husema kwamba aibu ya safarini hutupwa hukohuko. Kwetu watu hao ni majirani, wenzetu kazini na wanajumuiya, wanaotujua kiasi cha kutosha kutusema. Hata watumishi wa serikali waliohamia mitaa ya Kisasa na Ilazo tangu mwaka 2016, bila ukoo wowote hapa, wameshawapata kupitia kadi za michango na misiba.

Simo katika kundi la wanaoilaumu sekentei moja kwa moja, kwani swali la "watu watasemaje?" limemfikisha msibani jirani ambaye asingekwenda. Kinachoniumiza ni inapoingia kwenye ugonjwa. Mwaka 2019 serikali ya Japani ilikadiria kuwa watu 613,000 wenye umri wa miaka 40 hadi 64 walikuwa wamejitenga na jamii, wengi wao wakijifungia majumbani, hali inayoitwa hikikomori. Na miongoni mwa yanayowazuia wazazi wao, wengine wakiwa wazee sana, kuomba msaada ni kuogopa macho ya majirani.

Sisi tuna Mirembe, hospitali ya taifa ya afya ya akili, katika mji wetu wenyewe, lakini jina lake tumeligeuza tusi la vijiweni. Kwa hiyo kijana anapoanza kuongea peke yake na kukosa usingizi, familia husema amesafiri, humzungusha kwa waganga, na hufika hospitali akiwa amezidiwa, ilhali matibabu ya mapema yangemsaidia zaidi.

Familia hiyo haiwezi kujiondolea hofu peke yake, kwa sababu macho inayoyaogopa ni yetu. Jumuiya inayompelekea uji aliyelazwa Hospitali ya Benjamin Mkapa kwa mguu uliovunjika inaweza kumpelekea pia aliyelazwa Mirembe, ikaingia wodini mchana na kumsalimia kwa jina lake.