Jema la Mchana na Sigara ya Usiku

Kila Ramadhani hapa Unguja swali moja hunirudia. Mtu amekaa takriban saa 13, tangu alfajiri hadi adhana ya Magharibi, bila ya kugusa sigara. Vipi basi ashindwe kusubiri hata amalize uji wake baada ya kufungulia tende? Wengi hujibu kuwa ni nikotini, nami sikatai, kwani tumbaku hushika mwili kwelikweli. Lakini hamu hiyo hiyo ilikuwapo saa tisa za mchana, na akaishinda. Ninavyoona mimi, jua linapotua huondoka katazo la saumu, na mahali pake huingia hisia ya kuwa mtu ameshatenda jema kubwa, na kwamba aliyetenda jema kubwa anastahiki kitu.

Ami yangu mmoja, aliyekuwa na azma ya kweli ya kuacha, aliniambia barzani baada ya tarawehe: "Mwanangu, nimefunga, nimesali rakaa zote, na hii moja nayo mwanihesabia?" Aliziweka ibada na sigara katika daftari moja, kama mwenye duka anayekata deni la mteja wake, ilhali mapafu hayana habari na daftari hilo.

Wataalamu wa saikolojia wamelichunguza jambo hili. Mwaka 2005 Ayelet Fishbach na Ravi Dhar walieleza kuwa miongoni mwa watu waliokuwa wakipunguza uzito, waliofanywa wajione wamepiga hatua kubwa walichagua chokoleti badala ya tufaha kwa asilimia 85, na kwa wenzao ilikuwa asilimia 58. Mwaka 2011 watafiti wa Taiwan waliwapa wavutaji vidonge visivyokuwa na dawa yoyote. Walioambiwa kuwa ni vitamini walivuta zaidi kuliko walioambiwa ukweli, kwa sababu walijihisi wamekingika. Utafiti huu wa pili ndio unaonitia hofu zaidi, kwa kuwa unaonesha kwamba hata tendo lenyewe si lazima liwe na faida: kudhani tu kuwa umejitendea wema kunatosha kukulegeza. Pengine hata ahadi hutosha, maana anayesema "nitaacha Mfunguo Mosi" huzivuta za Ramadhani kwa moyo mweupe, akijiona tayari ni mtu aliyeacha.

Wala sisemi kwamba tuache kutenda mema ili tusijione. Fishbach na Dhar walionesha pia kuwa tendo lile lile, mtu akilitazama kama dalili ya azma yake badala ya hatua aliyokwisha kuipiga, humsogeza mbele katika njia ile ile. Kwa hiyo siku hizi simpongezi ami kwa saa alizokaa bila ya kuvuta, ingawa familia nzima humpongeza kwa nia njema kabisa. Namuuliza kwa nini anataka kuacha. Mara ya kwanza alinijibu kwamba mjukuu wake ana pumu, na kwamba mtoto huanza kukohoa kila anapompakata na kanzu yenye moshi. Usiku huo hakuvuta. Sitadai kuwa ameshaacha, lakini tangu hapo nikimuuliza hali yake na sigara, hunieleza habari za mjukuu kabla ya kunitajia rakaa.